Besimenti yenye dari fupi: taa ngapi, za rangi gani, nianzie wapi?

Kipepeo wa Baridi (Minnesota)

Wakuu, habari za majukumu.

Niko pembezoni mwa Minneapolis. Nyumba tuliyonunua ina besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, ambayo mwenye nyumba wa zamani aliifanya stoo: sakafu ya zege, kuta za tofali za zege, balbu nne za kuning'inia zenye kamba ya kuvuta. Tunataka kuimalizia iwe sebule ya pili. Watoto wacheze, sisi tuangalie mpira, na wageni wakija kwa harusi au msiba wasibanane juu. Huku Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo tangu Novemba mpaka Machi maisha yote yatahamia kule chini.

Vipimo: urefu mita 8.5, upana mita 4.2. Nikishapiga jipsamu, dari itakuwa kama sentimita 218 kutoka sakafuni. Upande mmoja bomba kubwa la hewa ya moto limepita chini ya boriti kwa urefu wote wa chumba. Dirisha ni moja, dogo, juu kabisa ya ukuta, linaangalia kaskazini. Nyuma kuna kichumba cha tanuri la kupasha nyumba joto, hita ya maji na mashine ya kufulia.

Fundi wa kwanza kaja, kapiga hesabu ya taa 24 za duara za kuzama darini, zote swichi moja. Wa pili kasema 12 zinatosha na akaondoka. Mke wangu anataka mwanga wa njano, mimi nimezoea mweupe. Naombeni ushauri kabla dari haijafungwa.

---

Chui wa Houston

Sisi wa Houston besimenti tunaziona kwenye filamu tu. Ardhi ya huku ukichimba kidogo maji hayo. Naweka kiti nisome.

---

Mwanga Mwingi (Nairobi)

Boss, weka zote 24 na uchukue zile nyeupe kabisa, zenye namba 6500 kwa kasha. Mwanga haujawahi kuua mtu. Hizo za njano ni za hoteli, unakaa hapo hujui kama nyama imeiva ama bado.

---

Mzee Karafuu (Ohio)

Kipepeo, mimi ni fundi umeme mwenye leseni huku Ohio, na wakati wa baridi besimenti ndizo zinazonilisha. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Mafundi wako wote wawili wameanza na idadi. Idadi inakuja mwisho. Kwanza jiulize nani atakaa wapi akifanya nini: televisheni ukuta gani, makochi yanaelekea wapi, watoto wanachezea kona ipi, nani anashuka ngazi usiku akiwa na kikapu cha nguo. Chora hivyo vitu kwenye karatasi kabla hujachora taa hata moja.

Sasa hesabu, maana najua unaitaka. Eneo lako ni karibu mita za mraba 36. Sebule ikiwashwa taa zote ikafika luksi 200 (luksi hupima mwanga unaofika mahali, lumeni hupima unaotoka kwenye taa), watu wanaonana vizuri. Hiyo ni lumeni 200 kwa kila mita ya mraba, jumla 7,200. Lakini si mwanga wote unaotoka kwenye taa unafika unapouhitaji: kuta zinakula, zulia linakula, vumbi nalo linakula. Mimi hugawa kwa 0.6, inakuja lumeni 12,000 kwa chumba kizima. Taa bapa ya inchi 6 inatoa karibu lumeni 1,000. Kwa hiyo taa 24 ni mara mbili ya unachohitaji, ni mwanga wa ofisi ya wahasibu, halafu zote swichi moja! Mtaangalia mpira na mwanga huo machoni? Na dari itakuwa matundu matupu kama chujio.

Linalowapita wengi ni urefu wa dari. Kwenye dari ya mita 2.18 taa iko karibu na utosi. Mwanga unashuka wima, paji la uso linang'aa, macho yanabaki kwenye kivuli. Mbaya zaidi, ukuta hauguswi. Chumba kisicho na dirisha la maana kikiwa na kuta zenye giza, jicho linasema hapa pana giza hata kama kipimo cha luksi kinasema pana mwanga wa kutosha. Ndiyo maana watu wanaongeza taa, wanaongeza tena, na bado wanasema kule chini kuna huzuni.

Dawa ni kuangaza kuta na dari, siyo sakafu. Safu ya taa za darini isogee karibu na ukuta, sentimita 60 hivi, mwanga uteremke juu ya ukuta wenyewe. Ongeza taa za ukutani mbili au tatu. Na hilo bomba la hewa unalolilalamikia ndilo zawadi yako: ukilifungia boksi la jipsamu, tokeza ukingo wa sentimita 10 ubavuni mwa boksi, laza ukanda wa LED juu yake usioonekana, mwanga uruke darini. Dari fupi ikiangazwa kutoka pembeni inaonekana imepanda.

Angalizo moja kuhusu hilo boksi. Kanuni za ujenzi za nyumba zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani zinataka dari ya chumba cha kukaa iwe futi 7, yaani mita 2.13, ila kwenye besimenti boriti na mabomba yanaruhusiwa kushuka mpaka futi 6 na inchi 4. Pima kutoka sakafu iliyokamilika, siyo kutoka kwenye zege la leo.

---

Kipepeo wa Baridi

Mzee Karafuu, heshima yako. Nimepima, chini ya boksi itabaki futi 6 na inchi 7. Tumepona.

Ila hizo taa bapa ndizo zipi? Fundi wa kwanza alitaja za kopo.

---

Mzee Karafuu (Ohio)

Za kopo ni za zamani: kopo la bati linakaa katikati ya mbao, balbu inaingia ndani yake. Bapa hazina kopo. Taa yenyewe ina unene wa nusu inchi hivi, inashikwa na vibanio viwili vya springi kwenye jipsamu, na kiboksi chake cha waya kinalala pembeni. Faida yake kubwa kwako ni kwamba inaweza kukaa hata chini ya mbao ya dari mradi kuna nafasi ya inchi mbili hivi juu ya jipsamu, na kiboksi unakisukuma kando. Mbao zako zitakuwa zimepishana inchi 16, na utashangaa jinsi kila sehemu unayotaka taa inavyoangukia juu ya mbao au bomba.

Kama dari itawekwa sufi ya kuzuia sauti, tafuta alama ya IC kwenye kasha. Maana yake taa inaruhusiwa kuguswa na sufi bila kupata joto la hatari.

Ubaya wake: uso wake uko sawasawa na dari, kwa hiyo ukijilaza kwenye kochi unaitazama moja kwa moja. Juu ya makochi usiweke kabisa. Au tafuta aina ambayo kioo chake kimerudi ndani kidogo na kuzungukwa na pete nyeusi, inapunguza mng'ao machoni. Ni ghali zaidi, nunua nne tu za eneo la makochi.

---

Mama Mapacha (Minnesota)

Kaka Kipepeo, karibu, sisi ni majirani basi. Mimi ni Mkenya, niko huku na besimenti yetu tulimaliza zamani.

Niongeze jambo ambalo mafundi wanaume husahau. Mimi husuka ndugu na marafiki kule chini, na kuna suala la rangi, si ya njano na nyeupe, ile nyingine: taa inaonyesha rangi za vitu kwa uaminifu kiasi gani. Kwa kasha wanaandika CRI. Taa za bei ya chini huwa 80. Tafuta 90 kwenda juu. Zile za 80 nyingi zina upungufu wa wekundu, na ngozi zetu zinategemea wekundu huo. Mtu mweusi akikaa chini ya taa hiyo anaonekana amepauka, amejaa majivu, na amejipaka mafuta vizuri asubuhi. Picha za birthday zote zinatoka kijivu. Ukiweka 90 na zaidi, watu wanaonekana watu. Vifurushi vya nywele nambari 1 na 1B, ambavyo weusi wake unakaribiana sana, nilikuwa navitofautisha kwa kwenda dirishani, siku hizi naviona papo hapo.

Kwa kona ya kusukia nina taa ya kusimama yenye mkono, naielekeza ninapotaka. Taa ya dari haiwezi kazi hiyo, kichwa changu mwenyewe hutia kivuli kwa laini.

---

Mwanga Mwingi (Nairobi)

Sawa, CRI nimekubali. Lakini 6500 siachi. Nyumba zetu zote tumekulia mwanga mweupe, mbona hatukuumwa?

---

Mzee Karafuu (Ohio)

Mwanga Mwingi, hukuumwa kwa sababu mchana mlango ulikuwa wazi na jua la ikweta linaingia mpaka uvunguni. Taa ilikuwa ya saa tatu za usiku. Kipepeo atakaa chini ya taa hizo kuanzia jioni saa kumi mpaka kulala, miezi mitano, chumba hakina dirisha la kusema. Mwanga wa 6500 una buluu nyingi, na buluu usiku inauambia mwili kuwa bado ni mchana. Watoto watapanda kulala macho makavu.

Kipimo cha hiyo rangi ya mwanga ni kelvini. 2700 ni ile njano ya balbu za zamani za waya, ambazo tangu Agosti 2023 zimetoweka madukani huku baada ya serikali kuzuia kuuza balbu za kawaida zisizofikisha lumeni 45 kwa wati. 3000 ni njano iliyotulia. 4000 ni nyeupe isiyo kali. 5000 na kuendelea ni gereji. Kwa sebule ya besimenti mimi naweka 3000, shemeji awe ameshinda na Kipepeo asijione ameshindwa sana. Taa bapa nyingi siku hizi zina kiswichi kwenye kile kiboksi cha waya, unachagua kelvini kabla ya kuipachika. Hakikisha fundi ameweka zote namba moja. Nimeitwa kwenye nyumba ambayo taa tatu kati ya kumi zilikuwa za rangi nyingine, mwenye nyumba anadhani umeme ni mdogo.

Kwenye kichumba cha hita na kufulia, hapo nakupa haki yako, Mwanga Mwingi. 4000 au hata 5000, taa ndefu ya futi 4 ya LED, mbili ikibidi. Mtu akishuka kuangalia kwa nini tanuri limezima saa nane usiku hahitaji mandhari, anahitaji kuona.

---

Chui wa Houston

"Hahitaji mandhari" 😂 Endeleeni.

---

Jiwe la Bismarck (Mwanza)

Wakuu, niingilie. Huku Mwanza tunajenga mlimani, kwa hiyo mtu ana vyumba vya chini ambavyo ukuta wa nyuma umezikwa kwenye mlima na mbele kuna mlango na madirisha. Siyo besimenti ya kizungu lakini giza la nyuma ni lilelile. Je, ushauri huu unanifaa? Na mdogo wangu yuko Dallas anakuja mwezi ujao, nimwambie aniletee hizo taa bapa?

---

Mzee Karafuu (Ohio)

Jiwe, asilete! Taa nyingi za huku zimeandikwa 120V. Kwenu ni volti 230, ukiiwasha utasikia harufu kabla hujaona mwanga. Kuna chache zinazobeba volti 100 mpaka 277, lakini kwa nini ubebe kwenye begi kitu ambacho duka la vifaa vya umeme hapo mjini wanacho? Mwambie alete viatu.

Kwa upande wa mwanga, wewe una bahati, una mchana mbele. Tatizo lako ni tofauti ya mbele na nyuma: jicho likishazoea mwanga wa dirishani, nyuma panakuwa shimo. Angaza ule ukuta wa nyuma, ule uliozikwa, na uupake rangi ya maziwa isiyong'aa. Swichi ya nyuma iwe peke yake, mchana unawasha hiyo tu. Ila kabla ya yote gusa huo ukuta kipindi cha masika. Ukiwa na jasho, shughulikia maji ya mlimani kwanza, maana taa nzuri juu ya ukuta wenye ukungu itakuonyesha ukungu vizuri.

Kipepeo, na wewe hili linakuhusu. Kama zege la huko linatoa unyevu, mashine ya kukausha hewa na mfereji wa nje vinakuja kabla ya jipsamu.

---

Kipepeo wa Baridi

Unyevu tumeshapima, pampu ipo na kuta ni kavu. Swali langu sasa ni swichi. Nasikia taa za LED zinapepesa ukizipunguza.

---

Mzee Karafuu (Ohio)

Zinapepesa zikifungwa kwenye dima ya zamani, yaani swichi ya kupunguza mwanga. Dima ya zamani ilitengenezwa kwa mzigo mkubwa, wati 600 za balbu za waya. Ukiipa taa nne za LED za wati 10, hiyo ni wati 40, inakuwa haina cha kushika. Nunua dima iliyoandikwa ni ya LED, kisha ingia kwenye tovuti ya mtengeneza taa uangalie orodha ya dima alizozijaribu. Orodha hiyo ipo, na watu hawaisomi. Dima nyingi zina kigurudumu au kitufe kidogo chini ya kifuniko cha kuweka kiwango cha chini kabisa: punguza mpaka taa ianze kucheza, rudisha juu kidogo, basi.

Gawa swichi kufuata matumizi. Kwako mimi ningefanya: taa za ukuta mrefu peke yake, kona ya watoto peke yake, eneo la makochi peke yake, ukanda wa juu ya boksi peke yake, za ukutani peke yake. Zote dima isipokuwa ya watoto, maana mtoto na dima ni vita. Wakati wa mpira unaacha ukanda na za ukutani kwa chini, mbele ya televisheni hakuna taa yoyote inayojiakisi kwenye kioo. Siku ya wageni unawasha zote.

Usihofu sakiti. Taa 15 za wati 11 ni wati 165 tu, wakati sakiti ya ampea 15 kwa volti 120 inabeba 1,800, na mafundi huacha nafasi wasivuke 1,440. Umeme wa taa siku hizi ni kidogo sana, gharama iko kwenye waya na kazi.

Ngazi: ngazi yenye vipandio sita au zaidi inatakiwa iwe na swichi juu na swichi chini. Hilo ni la kanuni za umeme, mkaguzi ataliangalia kabla hata hajakusalimia. Taa ya ngazi ikae mahali ambapo anayeshuka hajitilii kivuli kwenye kipandio anachokanyaga.

---

Mama Mapacha (Minnesota)

Na kibali kaka, usisahau kibali. Minnesota mwenye nyumba anayeishi humo anaruhusiwa kufunga stima yake mwenyewe, lakini lazima aombe ukaguzi. Mkaguzi huja waya zikiwa wazi, kabla hujafunga dari. Kuna watu kanisani kwetu walifunga jipsamu kwanza, wakaambiwa wabomoe.

Kama wageni watalala huko, uliza habari ya dirisha. Chumba cha kulala kinahitaji dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea moto ukitokea. Hiyo ndogo ya juu haitakubaliwa.

---

Mzee Karafuu (Ohio)

Dada amesema kweli. Dirisha la kutokea linatakiwa uwazi wa futi za mraba 5.7 likifunguliwa, na kizingiti chake kisipite inchi 44 kutoka sakafuni. Pia ving'ora vya moshi viunganishwe, kikilia cha besimenti vilie vyote mpaka vya vyumba vya juu. Waya wake upitishe sasa hivi dari ikiwa wazi.

---

Mwanga Mwingi (Nairobi)

Na dari apake nyeusi kama zile besimenti za Instagram, mabomba yote wazi?

---

Mzee Karafuu (Ohio)

Apake nyeusi kama anataka kurudi kwenye zile taa 24. Dari nyeusi inameza mwanga, na ule ukanda wa juu ya boksi unakuwa hauna kazi kabisa. Dari nyeupe isiyong'aa, kuta rangi ya krimu, ndiyo nusu ya taa zako tayari.

---

Kipepeo wa Baridi

Wakuu, nimechora upya na shemeji yenu, mniangalizie.

Taa bapa za inchi 4, lumeni 650 kila moja, kumi: sita kwenye ukuta mrefu usio na bomba, nne kwenye kona ya watoto. Juu ya makochi hakuna kitu. Ukanda wa LED mita 5 juu ya boksi, lumeni 400 kwa mita. Taa za ukutani mbili, na taa za kusimama mbili, moja kila upande wa makochi, kila moja lumeni 800. Zote 3000 kelvini, CRI 90. Jumla inakuja 11,700, karibu na ile 12,000 ya Mzee Karafuu. Ngazi ina taa yake na swichi mbili. Kichumba cha nyuma taa ndefu mbili za 4000. Fundi wa pili amekubali mchoro, wa kwanza amesema chumba kitakuwa na giza.

Maswali mawili ya mwisho: taa za ukutani ziwe juu kiasi gani, na soketi za taa za kusimama nizifanyeje?

---

Mzee Karafuu (Ohio)

Mchoro mzuri. Taa za ukutani kwa dari yako ziweke sentimita 155 hivi kutoka sakafuni mpaka katikati ya taa, na zitoe mwanga juu na chini. Zisitokeze zaidi ya sentimita 10 upande wanaopita watu, la sivyo mjomba mwenye mabega mapana ataing'oa siku ya harusi.

Soketi za taa za kusimama: mwambie fundi soketi hizo mbili azitawale kwa swichi ya ukutani, ili usizunguke kochi kuzima. Swichi ya kawaida tu, kwenye soketi dima hairuhusiwi. Na soketi za besimenti zinatakiwa zilindwe na GFCI, kinga inayokata umeme ukivuja, ile yenye vitufe viwili katikati au breka yake kwenye paneli.

Kabla hujafunga dari, piga picha kila ukuta na kila sehemu ya dari waya zikiwa wazi, weka futi ya kupimia ionekane kwenye picha. Ukanda wa LED ununulie mfereji wake wa alumini wenye kifuniko cheupe, na transfoma yake ikae kwenye kichumba cha nyuma inapofikika, siyo ndani ya boksi la jipsamu. Transfoma hufa kabla ya taa.

---

Mama Mapacha (Minnesota)

Na mkimaliza mtualike tuone. Nitakuja na taa yangu ya kusukia.

---

Jiwe la Bismarck (Mwanza)

Mdogo wangu nimemwambia alete viatu namba 43. Ukuta wa nyuma nimeanza kuupaka rangi ya maziwa leo, nitaleta picha.